Shoku za boneti zimechoka, naombeni ushauri

Ndugu zangu, habari za leo. Niko Kampala, nina Land Cruiser 100 ya mwaka 2001. Zile shoku mbili za gesi zinazoshikilia boneti zimekwisha. Ya kushoto ina mafuta yaliyogandana na vumbi shingoni, yaani sili (mpira unaozuia mafuta na gesi visivuje) imekufa. Jumamosi nikipima oili, boneti ilinishukia mgongoni. Sasa naegemeza ubao, na mwanangu anapenda kuchungulia injini. Naogopa sana.

Fundi mmoja anataka kuitoboa hiyo shoku aijaze gesi upya. Nimekataa, mle ndani kuna naitrojeni yenye presha kubwa.

Je, nichukue zilizotumika pale Kisekka, soko la vipuri vya magari, au nitafute mpya? Zilizotumika nitazipimaje nguvu kabla ya kulipa? Na nikibadilisha moja tu, boneti haitapinda?