Bibi alificha asili yake mpaka uzeeni, mjukuu akaitoa kitabuni. Ni haki hiyo?

Mpenda Riwaya
Wakuu, salaam. Nimemaliza kusoma My Place ya Sally Morgan, kitabu cha Australia kilichotoka 1987. Kwa ambao hawajakisoma: Sally kakulia Perth miaka ya 50 na 60. Watoto wenzake shuleni walipomuuliza kwao ni wapi, mama yake akamwambia awajibu kuwa wao ni Wahindi. Akakua hivyo. Bibi yake, Daisy, waliishi naye nyumba moja, na wageni wakibisha hodi anajificha. Siku moja Sally akamkuta bibi analia, anawalaumu wajukuu kwamba wanataka bibi mzungu na yeye ni mweusi. Ndiyo mara ya kwanza yule msichana kuitazama vizuri rangi ya mtu anayemlea! Baadaye inakuja kujulikana kuwa ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, bibi kazaliwa Corunna Downs, shamba la mifugo huko Pilbara, akachukuliwa akafanywe mtumishi wa ndani kwenye familia ya mwenye shamba.

Sasa swali. Bibi hakutaka. Alibishana na mjukuu miaka kadhaa, na alipokubali kusimulia akatoa nusu tu, mengine akasema anakwenda nayo kaburini. Akafa, kitabu kikachapishwa, kikauzwa zaidi ya nakala nusu milioni. Mjukuu alikuwa na haki?

Chambo
Hana. Mtu mzima kasema siri, basi ni siri. Hizi tabia za kizungu za kuanika mambo ya ukoo hadharani na kuyaita fasihi ndizo zinazotuharibia vijana.

Binti Vanga
Tabia za kizungu? Kaka Chambo, wanaosimulia humo ndani ni Waaborijini watupu: bibi, mama, na mjomba wa mama. Mzungu kaingia wapi? Au kwako mtu mweusi akishika kalamu tu anageuka rangi?

Chambo
Dada soma nilichoandika. Nimesema tabia. Sijamtaja mtu.

Fundi Saa
Mimi sikumbuki vizuri, ila nilisoma mahali kwamba hao watu mpaka 1967 walikuwa chini ya sheria ya mimea na wanyama pori. Yaani wewe na kangaruu faili moja. Mtu wa namna hiyo kujiita Mhindi utamlaumu vipi?

Mgeni wa Kusini
Fundi, hiyo ya mimea na wanyama inapendwa sana mitandaoni lakini sheria ya jina hilo haikuwahi kuwepo. Kilichokuwepo ni kifungu cha 127 cha katiba yao, kilichosema Waaborijini wasiingizwe kwenye idadi ya watu wa nchi. Ndicho kilichofutwa kwa kura ya maoni ya 1967, na waliosema ndiyo walipita asilimia 90.

Wala huhitaji kutia chumvi, maana yaliyoandikwa kwenye sheria halisi yanatosha. Niko Perth, nayasikia kwa wenyewe. Sheria ya Australia Magharibi ya 1905 ilimfanya afisa aliyeitwa Mlinzi Mkuu kuwa mlezi halali wa kila mtoto wa Kiaborijini mpaka afike miaka 16. Mama yupo hai, kasimama pale, na mlezi kisheria ni bwana mmoja ofisini. Kuanzia 1915 mpaka 1940 bwana huyo alikuwa A. O. Neville. Katikati ya mji wa Perth, kutoka 1927 hadi 1954, Mwaborijini haingii bila kibali.

Halafu 1944 wakaleta cheti cha uraia. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na mmoja aliwahi kunionyesha cha baba yake. Ni kijitabu kidogo, ukikifungua unakuta picha ya uso imebandikwa kama kwenye pasi. Ukikipata unaruhusiwa hata kuingia baa. Ili ukipate unamthibitishia hakimu kwamba kwa miaka miwili umeachana na watu wako, wamebaki ndugu wa damu wa karibu kabisa. Na ukionekana umerudi kwa wenzako wanakunyang'anya. Wenyewe walikiita leseni ya mbwa.

Kwa hiyo mama yake Sally, mumewe alipofariki na mwanamke wa ustawi wa jamii akaja kukagua nyumba, yeye na bibi wakakata shauri kuwa watoto wasiambiwe kamwe. Yeye mwenyewe alilelewa kwenye makazi ya watoto ya Parkerville huku mama yake akiwa hai, anafua nguo za watu. Alijua anakimbia nini.

Chambo
Umeeleza vizuri na nimekuelewa. Lakini kitabu ni cha 1987. Hapo nani alikuwa bado anachukua watoto? Hatari imepita, wajukuu wamekua, wana watoto wao, na bibi BADO anasema hapana. Nijibuni hapo.

Mkanyageni
Mnakwenda mpaka Australia kutafuta bibi aliyefichwa. Huku mwambao kila mtu babu yake katoka Shiraz au Hadhramaut. Sijawahi kukutana na mtu ambaye bibi yake aliletwa na msafara wa watumwa kutoka Manyema huko Kongo, kana kwamba wale wote walioshushwa Bagamoyo hawakuzaa. Nangoja kitabu cha mjukuu wa huyo.

Nyangumi wa Pemba
Nilijua tu. Haiwezi kupita mada bila mtu wa bara kuja kuwasimanga watu wa pwani. Ndugu, una nasaba yangu mfukoni? Sisi tunajua babu zetu mpaka wa saba kwa majina. Wewe wa kwako wa nne anaitwa nani?

Mkanyageni
Mimi ni wa Tanga, sio wa bara, na jina langu hapo juu linakuambia. Na hiyo orodha ya saba, hebu angalia imejaa wanaume watupu. Wake zao walikuwa nani? Masuria hawakuwahi kuandikwa.

Pia nenda kasome sensa za Waingereza hapo kwenu. Ya 1924 watu maelfu walijiandikisha Waswahili. Ya 1931 wamebaki kiduchu. Walikufa kwa tauni? Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, watoto wa waliokuwa watumwa ndio hao walikuwa watu wazima, wanachagua jina lenye unafuu. Vita vya pili vilipokuja, mgao wa chakula ukatolewa kwa kabila, mchele kwa wengine na mahindi kwa wengine. Na mimi ningejiita Mshirazi, sioni kosa. Ninachouliza ni kwa nini leo bado tunakasirika.

Nyangumi wa Pemba
Nani kakasirika? Mimi nimetulia. Ila Ushirazi haukuanza 1931, acha kuifanya historia ya watu kuwa ujanja wa kutafuta mchele.

Mpenda Riwaya
Wakuu, turudi kwenye mada. Hoja ya Chambo haijajibiwa.

Fundi Saa
Mada ndiyo hii hii bwana, wacha iende. Nyangumi, masuria vipi?

Kasongo wa Toowoomba
Bandugu, jambo. Miye niko Queensland, tulifika uku kutoka kambi ya Nyarugusu. Uku kila fomu, ya hospitali, ya masomo ya batoto, inauliza: uko wa asili ya Kiaborijini ao ya visiwa vya Torres? Baba mukubwa wangu alitia alama ndiyo. Tukamuuliza sababu. Akasema, banauliza kama miye ni mwenyeji mweusi, niko mweusi na ninaishi apa, sasa niandike nini? Muuguzi akamuangalia, akaangalia fomu, akamuuliza mzee kwenu ni wapi. Akajibu: Fizi, ya Kongo.

Lakini kwa kweli si mchezo. Ili serikali ikutambue banataka vitu vitatu: ukoo, wewe mwenyewe kujitambua, na jamii yenyewe kukukubali. Iyo ya tatu ndiyo nguvu. Kama wazee bamesema hatukujui, karatasi yako haina kazi.

Fundi Saa
Baba mkubwa wa Fizi apewe maua yake.

Ila Kasongo umenigusa penyewe. Huyo Sally, kama sikosei, alichukua udhamini wa masomo wa Waaborijini chuo kikuu hata kabla hajajua ukoo wake vizuri. Yaani vitu vitatu hana, pesa anazo. Hapo hapakunukii?

Binti Vanga
Kinachonuka ni wewe kusoma nusu ya kitabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, kwamba kuna mtu alimsemea, akaitwa ofisini akahojiwa, na akatoka amejawa hasira ya kutaka kujua ukweli. Mtu mwizi angeyaandika?

Fundi Saa
Wezi wengi wanaandika vitabu dada. Wengine wamekuwa mawaziri.

Mgeni wa Kusini
Hayo ya nani halali na nani si halali huku yanaua watu kwa presha. Alikuwepo mwandishi Mudrooroo, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1965, akatambulika nchi nzima kama baba wa fasihi ya Kiaborijini. Yeye alikuwa mmoja wa waliokibeza kitabu cha Sally, kwamba ni cha kupendezesha wazungu, hakina weusi wa kutosha. Mwaka 1996 ikatoka habari kwamba dada yake amefuatilia nasaba ya familia yao na hakukuta Mwaborijini. Weusi wao ulitoka kwa babu Mmarekani mweusi.

Nyangumi wa Pemba
SUBHANALLAH. Mkanyageni umeona? Wenzako wanaopenda kuchunguza bibi za watu ndivyo wanavyoishia.

Mkanyageni
Mfano wako unanisaidia mimi. Huyo alikuwa na asili ya Afrika akaitwa Mwaborijini, kwa sababu Australia ya wakati ule ilimwona mweusi ikamweka huko na kumtendea hivyo hivyo. Wewe una hakika gani kwamba wa kwako hawakuwekwa?

Nyangumi wa Pemba
Nakuheshimu kwa sababu umri sijui. Ungekuwa karibu tungezungumza vizuri zaidi.

Mpenda Riwaya
Jamani. Naomba nimjibu Chambo mwenyewe basi. Siri ile bibi hakuwa nayo peke yake. Kaka yake, Arthur, alikuwa anataka isemwe. Alikuja kukaa na Sally, akasimulia yote mbele ya kinasa sauti, akamtaja baba yao kuwa ni yule mzungu mwenye shamba. Arthur amefanya kazi tangu utotoni, akapigwa, akaja kumiliki shamba lake mwenyewe, na alitaka dunia ijue. Sasa ndugu wawili tumbo moja, mmoja anasema funika, mwingine anasema funua. Unamsikiliza nani?

Na walipokwenda Pilbara kutafuta watu wao, wazee wa kule ndio waliowaambia huyu ni shangazi yenu, yule ni babu yenu. Waliokuwa wanasubiri jibu walikuwa wengi kuliko watu wa nyumba moja.

Chambo
Arthur aseme ya Arthur. Bibi mpaka anakufa alikataa kumtaja baba wa mtoto wake, na kitabu kikamwelekea mtu fulani. Hapo mjukuu kavuka mpaka, tena kwa marehemu wawili ambao hawawezi kujibu. Binti wa yule mzungu akaandika kitabu chake kupinga, familia ikataka vipimo vya DNA. Bibi aliyekuwa anajificha wageni wasimwone, sasa damu yake inagombaniwa kwenye magazeti. Hiyo ndiyo heshima mnayoitetea?

Binti Vanga
Unalalamikia magazeti. Mimi nalalamikia yule aliyemzalisha mtumishi wake akaenda zake kula chakula cha usiku, na sheria ikamlinda, na bado wewe huruma yako umeipeleka kwa marehemu wawili sawasawa, kama waliokuwa kwenye nyumba ile kwa hiari yao wote.

Na kwa kuwa Mkanyageni kachokoza: kwetu Vanga ipo picha ya harusi ya babu. Katika wanawake waliokaa mkekani yupo mmoja wa pembeni, kanga yake tofauti, hajavaa dhahabu, na mtoto aliyempakata ni baba yangu. Sio mke wa babu anayetajwa. Tangu tuko wadogo tukiuliza yule ni nani tunaambiwa chai inapoa.

Mkanyageni
Aisee.

Nyangumi wa Pemba
Dada, mambo hayo si ya kuandika huku hadharani. Nakwambia kwa wema.

Binti Vanga
Wema wenu huo ndio umenifanya nifike umri huu sijui jina lake.

Fundi Saa
Mgeni wa Kusini, huko Australia wajukuu wanapata wapi majina? Au ni kubahatisha?

Mgeni wa Kusini
Mafaili, Fundi. Zile ofisi za Walinzi ziliandika kila kitu: nani kaomba ruhusa ya kuoa, nani kaomba kiatu, nani kafukuzwa kazi. Wazao wanaruhusiwa kuomba faili la babu yao wakithibitisha undugu. Wengine wanalia sio kwa kilichoandikwa, wanalia kwa barua za mama zao kuomba watoto warudishwe, zimo humo humo na mhuri wa kupokelewa. Ripoti ya serikali ya 1997 juu ya watoto waliochukuliwa ilizitaja hizo kumbukumbu kwa kirefu, na waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni Februari 2008. Daisy alishafariki, na kitabu kilikuwa kimeshasomwa miaka ishirini.

Nyangumi wa Pemba
Kwetu hakuna mafaili kama hayo, kuna wazee. Na mzee akikwambia hapana, ni hapana.

Mkanyageni
Wazee wanakufa Nyangumi.

Chambo
Na wafe na siri zao. Ni mali yao.

Binti Vanga
Nimempigia mama saa hizi kumuuliza jina la yule wa kwenye picha. Kanyamaza, kisha akaniuliza nani kakutuma. Nikamwambia hakuna. Akasema mambo hayo hayasemwi kwa simu, njoo Ijumaa.

Chambo
Nenda. Lakini usibebe kinasa sauti.

Binti Vanga
Nabeba.