Mtoto wa sistiki faibrosisi asiyetoa makohozi: sampuli ipatikaneje bila bronkoskopi?

Swali
Habari zenu. Mwanangu wa miaka 7 ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafuni kuwa mzito. Tangu aanze dawa za kurekebisha protini ya CFTR, ile yenye kasoro katika ugonjwa huu, hatoi makohozi tena, jambo tunalolishukuru, ila kliniki sasa humpangusa koo kwa kijiti cha pamba. Majibu matatu mfululizo hayakuonyesha bakteria, na bado usiku anakohoa. Je, koo likiwa safi, na mapafu ni safi? Nisingependa apewe dawa ya usingizi kwa ajili ya bronkoskopi (kuingizwa mrija wenye kamera mapafuni) kama ipo njia nyingine.

Jibu la 1 (mtaalamu wa fiziotherapia)
Pole, mama. Koo safi si ushahidi wa kutosha, kwa sababu bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa anaweza kuwa amejificha chini kabisa kwenye ute mzito. Tena hutokea akaoteshwa kutoka kooni ilhali mapafuni hayupo. Uliza kama wanafanya uchochezi wa makohozi, yaani kumsaidia mtoto ayatoe. Mtoto huvuta kwanza salbutamol, dawa ya kupanua mirija ya hewa, ili mirija isibane, kisha hupumua kwa nebulaiza (mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke) mvuke wa maji ya chumvi, mara nyingi ya asilimia 7, huku akisaidiwa kusafisha kifua. Chumvi huvuta maji, ute hulainika, naye hukohoa na kutema kikoponi. Wengi hukunja uso kwa ladha yake! Asiyejua kutema hunyonywa ute kwa mrija mwembamba. Utafiti uitwao CF-SpIT wa Cardiff, Wales, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu watoto wa miezi 6 hadi miaka 18, ukaonyesha kwamba njia hii hunasa vimelea vingi kuliko kijiti na haiachwi mbali na bronkoskopi ya kawaida.

Jibu la 2 (maabara)
Naunga mkono, ingawa bronkoskopi tusiitupe: mtoto akizidi kudhoofika na sampuli zote zikawa safi, ndiyo itakayoamua. Kuifanya kwa ratiba tangu utotoni ni suala jingine, maana jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2011 halikuona nafuu ya ziada kwa watoto walipofikisha miaka 5. Vipimo vya pumzi, kama kile cha kutafuta sianidi ya hidrojeni inayotolewa na Pseudomonas, bado viko kwenye utafiti. Na kama kikohozi hicho kinahofiwa kuwa cha mikobakteria isiyo ya kifua kikuu (jamii ya bakteria wanaofanana na wa kifua kikuu), kijiti cha koo hakifai kabisa.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nyumbani mtoto huvuta maji hayo hayo ya chumvi kila asubuhi. Naweza kukusanya makohozi mwenyewe?

Jibu la 2
Unaweza, kliniki ikikubali na kukupa kikopo kisicho na vijidudu. Kifike siku hiyo hiyo. Kikichelewa, kiwekwe kwenye jokofu. Hakikisha fomu imeandikwa kwamba mgonjwa ana sistiki faibrosisi, kwani bakteria aitwaye Burkholderia huhitaji chakula maalumu cha kuoteshea, na kwenye sahani ya kawaida humezwa na bakteria wanaokua upesi.