Wanajuaje unene wa ganda la dunia bila kulichimba?

Kijana wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa. Usiku ule wa tetemeko, tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili imeshapita, nilikuwa jikoni kwa bibi hapa Tanga. Kijiko kikaanza kulialia ndani ya bilauri, nikamfokea paka. Kama nusu dakika hivi, ndipo nyumba ikayumba kwelikweli, bibi akatoka mbio na kanga moja. Sasa juzi nasoma eti mitetemo kama ile ndiyo wanayopimia unene wa ganda la dunia, na chini ya bara ni kama kilomita 35. Shimo refu la Kola kule Urusi limeishia mita 12,262. Huko chini zaidi nani kafika?

Konda Mstaafu:
Marahaba. Nimesimama mlangoni mwa basi la Tanga–Dar miaka kumi na moja kabla sijarudi shule, kwa hiyo nitakujibu kikonda. Enzi zetu njia ya Pangani ilikuwa fupi, lakini vumbi, mchanga na kungoja kivuko. Ya Segera–Chalinze ndefu, ila lami. Abiria wa Pangani ukimzungushia Segera atakutukana, na ana haki. Lakini wa Dar aliyepita Segera keshafika, kaoga, kala, mwenzake bado yuko Saadani anasukuma gari.

Wimbi la P, lile la tetemeko linalokwenda kasi kuliko mengine, ndivyo lilivyo. Ndani ya ganda linakwenda kama km 6 kwa sekunde. Chini yake, kwenye manteli (tabaka la mwamba linalofuata ganda), kama 8. Kituo kikiwa karibu, lililokatiza juu hufika kwanza. Kwa ganda la km 35, ukishavuka umbali wa km 200 hivi, lililozama chini ndilo linalotangulia. Pale la chini linapoanza kulipita la juu pakijulikana, na kasi zote mbili zikijulikana, unene ni hesabu tu. Mwanasayansi Mohorovičić ndiye aliyeligundua jambo hili, kwenye tetemeko la Oktoba 1909 karibu na Zagreb, Kroatia: alipotarajia P moja akakuta mbili. Kwake yeye hesabu ilitoa km 54.

Halafu kijiko chako kilikuwa P, ule myumbo S, wimbi la polepole linalofuata nyuma ya P. Kila sekunde S inayochelewa nyuma ya P ni kama km 8 za umbali (si ile 8 ya manteli): sekunde 30 mara 8, km 240. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar. Kwa mtu asiye na saa mkononi hukukosea sana!

Bi Chumbageni:
Samahani kaka, mimi shuleni nilishika kwamba S haipiti kwenye maji. Sasa kitovu baharini, ilifikaje Tanga?

Konda Mstaafu:
Haikuogelea, dada. Ilipita kwenye mwamba ulio chini ya bahari. Inapokwama kweli ni kwenye kiini cha nje cha dunia, na kukwama huko ndiko kulikowaambia watu kwamba ni kimiminika.

Kijana wa Ngamiani:
Ngoja kwanza. Kwa km 240, kumbe kijiko cha bibi kilitikiswa na lile lililopita Segera? Paka nimemwonea bure.