Kesi za vikoa vya .co: mwenye alama ya biashara akishinda anachukua jina, akishindwa anaondoka bila faini

Wakuu, hili nimeshindwa kulinyamazia.

Mdogo wangu anauza vikapu na mikeka mtandaoni. Kikoa chake, yaani anwani ya tovuti yake, kinaishia na .co, ya Colombia, kwa sababu jina alilolitaka kwenye .com lilishachukuliwa. Ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili. Akaja mtu asiyemjua kwa barua pepe: hilo jina unaliuza bei gani? Naye akataja bei, kama muuzaji yeyote angefanya. Sasa kampuni moja ya Ulaya yenye alama ya biashara inayofanana na neno hilo imemfungulia shauri WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, Geneva, na lile jibu lake limeambatishwa kuwa ushahidi wa nia mbaya. Wameuliza wao, kajibu, jibu ndiyo kosa!

Kwa wasiojua, .co, sawa na .me ya Montenegro na .tv ya Tuvalu, hufuata UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya vikoa uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, mwenye kikoa hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kwa maandishi hayo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni jinsi mchezo unavyochezwa.

Kituo cha kusikiliza shauri anachagua mlalamikaji. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, akiomba anaongezewa 4, na anajibu kwa lugha ya mkataba wa usajili, ambao kwa wengi wetu ni Kiingereza cha kisheria. Mwamuzi wa shauri hili anaweza kuwa wakili wa wenye alama za biashara kwenye shauri jingine. Ukitaka waamuzi watatu wakati mwenzako ameomba mmoja, WIPO ada ni dola 4,000 na nusu unalipa wewe. Dola 2,000 kwa muuza mikeka!

Rufaa hakuna. Ukishindwa una siku 10 za kazi kufungua kesi mahakamani, la sivyo jina linahamishwa. Na mahakama yenyewe aliichagua mlalamikaji tangu mwanzo: ama kwenu, ama ilipo ofisi kuu ya msajili, yaani kampuni uliyosajili kikoa kwake, ambayo inaweza kuwa Arizona, Marekani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Jopo la waamuzi likigundua mlalamikaji alikuwa anapora tu, linaandika hivyo kwenye uamuzi, basi. Hakuna faini. Hakuna hata senti ya wakili inayorudishwa. Ndiyo maana wanajaribu!

Msiniambie haiwezekani vingine. Uingereza, kwa vikoa vya .uk, Nominet, shirika linalovisimamia, inawakalisha kwanza pande mbili kwa mpatanishi, bure. Wasipoelewana ndipo mlalamikaji analipa pauni 750 pamoja na kodi apate uamuzi, na rufaa ipo. Nchi zilizoikubali UDRP kama ilivyo zingeweza kudai hayo kwa vikoa vyao, ni mali yao. Na mlalamikaji mporaji alipishwe gharama za aliyemsumbua.

Mwenye wakili aliyewahi kujibu shauri la WIPO, na asiyetoza bei ya Ulaya, aje PM leo. Na wewe mwenye kikoa, ukiulizwa bei na mtu usiyemjua, usijibu kabla hujaongea na mwanasheria.