Mjadala: Kuambiwa "zamu yako", ni sehemu ya mchezo au ni huduma ya kulipia?

Mwanzisha mada, Busia

Hamjambo wote. Naleta jambo hili nikiwa na msimamo, sitauficha. Mchezaji kuambiwa kwamba zamu yake imefika ni sehemu ya mchezo wenyewe. Hapaswi kuuziwa.

Kisa ni hiki. Tovuti ninayochezea chesi ya polepole, ile ya kupewa saa 24 kwa kila hatua, imetangaza kwamba seva yake, yaani kompyuta inayoiendesha, inalemewa. Ukurasa uliokuwa ukiuliza seva kila sekunde 10 kama mpinzani amecheza, sasa utauliza kila dakika 10. Arifa ya papo hapo kwenye simu inabaki kwa wanaolipa ada ya mwezi, tena kwa dola. Sisi wengine tunaletewa barua pepe moja kwa siku, saa 1 usiku.

Mimi ni msusi. Tangu asubuhi mikono imejaa rasta na mafuta, simu nimeiegemeza kwenye kioo, data nafungua na kufunga ili bando la siku lifike jioni. Mpango huu ulipojaribiwa mwezi uliopita, mpinzani wangu alicheza Ijumaa saa 2 usiku, barua ya siku hiyo ikiwa imeshapita. Barua iliyofuata ikaja Jumamosi saa 1 usiku, nimebakiwa na saa moja tu. Wakati huo nilikuwa nasuka bi harusi na wasimamizi wake wawili. Nilipofuta mikono, muda ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nikiongoza: nina ngome 2, yeye ana 1. Mchezo wa wiki 5 ukaandikwa nimeshindwa, na sikuwa nimekosea hatua hata moja.

Wazee wanaocheza omweso chini ya mwembe, mashimo 32 na kete 64, ukizubaa mwenzako anakuambia "cheza!" Hakuna anayelipia neno hilo. Ninyi mnaonaje?

Fundi wa seva, Namuwongo

Dada, pole sana kwa mchezo huo. Mimi kazi yangu ni seva, basi niseme upande wa pili, maana wenye tovuti hawajasingizia.

Chukua wachezaji 3,000 waliofungua ukurasa. Kila mmoja anauliza kila sekunde 10. Hayo ni maulizo 300 kwa sekunde, zaidi ya milioni 1 kwa saa. Na kila ulizo seva inalichukulia kama jipya: inamtambua mtu, inafungua hifadhidata, inatafuta mchezo, inajibu "bado". Sasa tuseme kila mchezaji anacheza hatua 1 kwa saa, ambayo kwa chesi ya polepole ni nyingi mno. Habari zenye maana hazifiki hata 1 kwa sekunde. Seva inakufa kwa kusema "bado".

Dawa ipo, si siri. Websoketi imesanifiwa tangu 2011: kivinjari kinafungua njia moja, njia inakaa kimya, na seva ndiyo inayosema pale hatua inapochezwa. Kwa simu iliyofungwa kuna arifa zinazopitia Google au Apple, na Google haitozi kwa kila ujumbe.

Ila dawa nayo ina gharama. Njia 3,000 zilizo wazi zinakula kumbukumbu ya seva hata zikiwa kimya. Ukiiwasha seva upya, wote wanarudi kwa mpigo mmoja, na usipopanga kila simu isubiri sekunde zake tofauti, inaanguka tena. Na kuna mtu lazima akae aandike upya programu iliyojengwa miaka mingi kwa mtindo wa kuuliza. Hata wakubwa wanakwama: Januari 2023 tovuti kubwa ya chesi, Chess.com, ilikiri wazi kwamba seva zake zimelemewa na wimbi la wachezaji wapya. Tovuti ndogo itatoa wapi pesa? Mimi sioni ubaya wa wachache kulipia.

Kutoka Arua

Ssebo, hesabu yako nimeipenda, lakini umehesabu mzigo wa seva tu. Wetu je? Ulizo na jibu lake tuseme ni kilobaiti 1. Ukiacha ukurasa wazi saa 8, ni karibu MB 3 za kuambiwa "bado". Na hapa Uganda, tangu Julai 2021, ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, tunakatwa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kwa hiyo kila "bado" natozwa ushuru. Wakisema watatupunguzia maulizo, mimi kwa hilo nashukuru. Tatizo ni kwamba wameondoa maulizo bila kuweka kitu mahali pake.

Halafu msisahau Januari 2021. Intaneti ilizimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14, ikarudi tarehe 18. Hapo arifa ya kulipia ingekusaidia nini? Mimi nilipoteza michezo 6. Kabla ya arifa, mimi nataka saa isimame nchi nzima ikizimwa.

Mwalimu, Mbale

Nitawapinga nyote kidogo. Ninalea klabu ya chesi shuleni, na arifa za papo hapo nimezichoka. Simu inalia katikati ya kipindi, mtoto anacheza hatua chini ya dawati bila kufikiri, jioni ananiletea mchezo uliovurugika. Zamani watu walicheza chesi kwa kadi za posta, hatua moja inasafiri siku kadhaa, na walicheza vizuri. Barua moja kwa siku inatosha kabisa, ilimradi muda wa hatua uwe siku 3. Kosa la tovuti hiyo ni kuweka barua ya kila saa 24 kwenye mchezo wa saa 24.

Mwanzisha mada, Busia

Mwalimu, hapo umenigusa. Hilo sikuliona: wamebadilisha arifa bila kugusa saa. Anayelipa anapewa saa 24 kamili za kufikiri, mimi nabakiwa na zile zilizosalia barua ikifika. Basi kinachouzwa si starehe, ni muda wa kufikiri, kwenye mchezo ambao muda ndio unaoamua mshindi. Fundi, nakuomba ulitazame hili, kwa sababu hoja ya "wachache walipie" inavunjika hapo. Wauze rangi za ubao, wauze uchambuzi wa michezo, nitanunua nikipata. Lichess, tovuti nyingine ya chesi, wanaendesha yote kwa michango, hakuna anayelipia kujua zamu yake.

Pia hatuombi kila kitu kifike papo hapo. Aliyebakiwa na saa 20 anaweza kusubiri dakika 30, aliyebakiwa na saa 2 aambiwe mara moja. Ukurasa uliofichwa nyuma ya kurasa nyingine uache kabisa kuuliza. Arifa za "fulani amekufuata" na za mashindano tusiyoyaomba zikatwe kwanza kabla ya hii moja.

Fundi wa seva, Namuwongo

Kuhusu saa nakubali, sikuwa nimelifikiria hivyo. Kutuma arifa kulingana na muda uliobaki ni kazi ya siku chache, haihitaji kuvunja programu nzima. Kusimamisha saa nchi ikizimwa ni kugumu zaidi: seva haijui kama umezimiwa au umelala.

Kutoka Arua

Ikiona watu wote wa nchi moja wametoweka saa ileile, itajua.

Mwanzisha mada, Busia

Naandika ombi kwa wenye tovuti, nalituma Ijumaa kabla wateja hawajajaa. Nitaweka la saa na la arifa kwa muda uliobaki. La kuzimwa kwa intaneti nitaliandika peke yake chini. Fundi, naomba unipitishie ile hesabu ya maulizo 300 kabla sijaituma.