Mrejesho: nilikwenda kumzika shangazi
Ahsanteni sana. Niliuliza kama niende kumzika shangazi kijijini na theluji yote ile, na nivae nini. Nilikwenda. Uliyenishauri soksi za sufu badala ya pamba, Mungu akubariki: pamba ikilowa haishiki joto, na makaburini tulisimama karibu saa nzima bila kusogea.

Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji walianza kazi tangu jana yake. Udongo ulitoka mabonge magumu kama mawe. Lilipodondoka la kwanza juu ya jeneza, mlio ule bado ninao masikioni. Binamu yangu alinishika mkono, glavu kwa glavu, hakusema neno.

Nilitangulia siku moja, kama mlivyosisitiza. Usiku uleule barabara ikafungwa. Ningechelewa, nisingemuaga shangazi.