Mrejesho: Kompyuta iliyokuwa ikifungua kurasa za kamari yenyewe

Assalamu alaykum. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu kompyuta yangu, ambayo tangu nibonyeze kiungo nilichokikuta katika kundi la wapenzi wa mpira ilikuwa ikifungua kurasa za kamari yenyewe. Kama mlivyonishauri, niliiendesha Microsoft Defender, programu ya Windows ya kukinga virusi, kwa ule uchunguzi unaofanyika kabla ya Windows kuwaka. Ikanasa faili moja, lakini matangazo hayakukoma. Kumbe mchawi yumo ndani ya kivinjari: kiongezi (programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari) kilichojiita kisomaji cha PDF, ambacho sikumbuki kukiweka. Nilipokiondoa na kuzifuta ruhusa za tovuti kunitumia arifa, kukatulia. Nywila nimezibadilisha kwa simu ya kaka yangu kabla ya usafi huo. Fundi wa hapa Chake Chake alitaka kufuta diski nzima, picha za harusi zikiwemo.